Vikombe vya Mdomo wa Upande

Katika nyumba ile kazi iligawanywa wiki ya harusi na haikuwahi kugawanywa upya. Mume alikuwa wa udongo, mke alikuwa wa moto. Mume, ambaye watu walimwita Fundi basi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa bado wanajaribu, alifinyanga vikombe, bakuli, vyungu na mitungi. Mke aliviingiza kwenye tanuru la matofali nyuma ya nyumba akavichoma kwa kuni mpaka vikaiva. Wateja walimbatiza Bi Kuni, maana alichambua kuni kama wengine wanavyochambua mchele: ukuni huu una utomvu, huu umeoza moyo, huu utatoa moshi wa kufukuza majirani na joto la kuombea dua. Mwanzoni jina lile lilimkera. Baadaye akaanza kuliitikia.

Vyombo vyao havikuwa vya kukaa kabatini vikiangaliwa na wageni. Fundi alikuwa na tusi moja tu zito, nalo ni “pambo.” Kikombe chake kilijaa kiganja vizuri, na begani kilikuwa na madoa ya rangi ya asali pale majivu ya kuni yalipotua na kuyeyuka motoni, kila kimoja na madoa yake, bila mtu kuyapanga. Kuna mama mmoja aliyerudi baada ya kuvunja kikombe chake, akadai kwamba tangu siku ile chai ya nyumbani kwake imepoteza ladha na mumewe amekuwa mkali. Bi Kuni alimuuzia kingine. Ya mume hakuyaahidi, lakini ya chai aliyaelewa, kwa sababu alijua Fundi alivyokuwa akiulainisha mdomo wa kikombe kwa kipande cha ngozi yenye maji, taratibu, akijaribu kwa midomo yake mwenyewe kama mtu anayembusu mtoto aliyelala.

Baina ya udongo na moto kulikuwa na mlango mmoja, na ufunguo alikuwa nao Fundi. Chombo kibichi kikiingia tanuruni na maji ndani yake, hata machache, yale maji hugeuka mvuke, mvuke hutafuta pa kutokea, na chombo hupasuka vipande. Kukitazama hakusaidii, kwani nje kinaweza kuwa kikavu na kitako bado kibichi. Fundi alikuwa akikiinua, anakibandika shavuni, shavu la kulia siku zote, na kutulia. Udongo wenye maji ni baridi shavuni, hata kama jua linawaka. Ukikauka, ule ubaridi hauupati tena. Aliposema “Tayari,” Bi Kuni aliwasha. Asiposema, moto haukuwaka, hata kama mteja alikuwa ameketi mlangoni ameshika tama.

Bi Kuni mwenyewe asingeweza kupima hivyo. Miaka mingi ya kuinama mbele ya mdomo wa tanuru ilikuwa imeifanya ngozi ya uso wake ngumu, haitofautishi ubaridi wa udongo na ubaridi wa asubuhi. Na hata kama ingetofautisha, asingeingilia. Mtu ana heshima zake, na hiyo ilikuwa ya mumewe.

Kiharusi cha kwanza kilimkuta Fundi akinywa chai. Upande wa kulia wa uso ulilegea, mkono wa kulia ukawa mzito, na chai ikamteremka kifuani. Alipotoka hospitali aliweza kutembea kwa fimbo na kuzungumza polepole, ila kila alichokunywa kilivujia kwenye ile pembe ya mdomo. Mtu mwingine angelia. Fundi alikasirika. Alikigeuza geuza kikombe chake cha zamani kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, kisha akatangaza kwamba kikombe kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kwamba mtu huyu wa sasa atatengenezewa chake.

Akarudi kwenye gurudumu la kufinyangia. Bi Kuni alikaa kando yake kwenye kigoda, mkono mmoja unazungusha gurudumu, mwingine umeshikilia kiwiko chake cha kulia kisianguke. Udongo uliwashinda mara nyingi. Ulipinda, ulidondoka, ulimpaka mzee hadi kwenye nyusi, na Bi Kuni alicheka mpaka akalazimika kuliachia gurudumu. Mwishowe vikatoka vikombe sita. Mdomo wa kila kimoja ulikuwa umevutwa upande mmoja kama jani, ili uingie kwenye pembe nzima ya kinywa chake na maji yasitafute njia nyingine. Mkono wa kikombe ulikuwa mpana, wa kuingia vidole vyote vya kushoto. Kitako kilikuwa kinene kuliko vitako vyote alivyowahi kuvifanya, kwa sababu mkono mmoja haukuweza kukipunguza.

“Vina mdomo wa upande kama mwenyewe,” Fundi alisema, na akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki na uwezo wa kucheka.

Vikapangwa rafuni vikauke. Mvua zikaanza. Kabla hazijakatika, kiharusi cha pili kikaja, na hicho hakikuwa na utani. Kilimlaza Fundi kitandani moja kwa moja na kumchukulia sauti yote. Akili ilibaki, macho yalibaki, na mkono wa kushoto ulibaki. Binti yao, mshonaji mwenye duka dogo mtaa wa pili, ndiye aliyekipanga chumba. Alikisogeza kitanda ukutani chini ya dirisha, upande wa kushoto wa baba yake ukaelekea dirishani, ili ashike nondo kwa mkono mzima na kujigeuza mwenyewe. Ulikuwa mpango mzuri na kila mtu aliusifia. Aliyetaka kukaa na mgonjwa alikaa kwenye kiti upande wa kulia, kwa sababu hapakuwa na upande mwingine. Wakakubaliana lugha: akifumba macho ni ndiyo, akiyakodoa ni hapana.

Shida ikawa kunywa. Binti, kwa mapenzi tu, alimnunulia baba yake kikombe cha plastiki cha watoto, cha buluu, chenye mfuniko, kimrija na picha ya bata. Fundi alimtazama bata. Akamtazama bintiye. Kisha akageuza uso dirishani na hakuna aliyemrudisha. Bi Kuni akajaribu kijiko, lakini Fundi alichoka kabla ya vijiko kumi, na maji mengi yaliishia kwenye mto. Daktari alipopita alibana ngozi ya mkono wa mzee, akaona inavyochelewa kurudi, akamwita mama na binti nje ya chumba. Alisema mzee anywe, anywe kwa njia yoyote ile, la sivyo figo zitamchoka mapema. Bi Kuni alipouliza mapema ni lini, daktari alisema wamfanyie kila linalompa raha. Hapo Bi Kuni hakuuliza tena, maana jibu alikuwa amekwisha kulipata.

Basi tangu siku ile alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka mumewe anywe maji kwenye kikombe chake, kwa mkono wake, kama mtu mzima, kabla hajaondoka. Mengine yote aliyaona yanaweza kusubiri.

Alivihamisha vikombe sita kutoka rafuni akaviweka karibu na jiko. Alivigeuza asubuhi na jioni. Mvua iligoma kukatika, hewa ikawa na unyevu hadi shuka zikanuka, na yeye akawa anaongea na udongo kwa maneno ambayo hangeyatumia mbele ya wageni. Siku jua lilipochomoza, alivitoa uani akavianika. Siku iliyofuata likachomoza tena, na vikombe vikawa vimepauka vizuri. Alivipanga kwenye sinia akaingia navyo chumbani.

Angeweza kumwita mfinyanzi mwingine apime. Angeweza kungoja wiki nyingine. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameitamani asubuhi hiyo. Tangu mzee alazwe kila mtu alimwamulia: ageuzwe saa ngapi, ale nini, avishwe shati gani. Kumuuliza juu ya ukavu kulikuwa kumrudishia kiti chake. Akavaa hata kitambaa chake kizuri cha kichwani.

Akaketi kwenye kiti, akachukua kikombe cha kwanza, akakibandika kitako kwenye lile shavu la kulia, shavu lililokuwa kipimo cha nyumba nzima.

“Tayari, Fundi?”

Fundi alitazama dari. Alikaa hivyo muda, uso umetulia kama zamani zile alipokuwa amesimama karibu na rafu na watu wote wakinyamaza kumngoja. Kisha akafumba macho. Bi Kuni akabandika cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, na kila mara macho yalifumba. Bi Kuni akaanza kuvipanga upya kwenye sinia kwa furaha.

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alichukua kikombe kimoja kwenye sinia akakiweka shavuni mwake, kama alivyozoea kufanya alipokuwa mdogo akimwigiza baba yake. Akakitoa, akakirudisha.

“Mama, mbona hiki kina ubaridi?”

“Baba yako amesema tayari.”

“Nimemwona. Lakini gusa hapa kitakoni, ni kama—”

“Wewe ni mshonaji,” mama yake alisema. “Baba yako amesema tayari.”

Binti alikirudisha kikombe kwenye sinia. Alimtazama baba yake kitandani, na kubishana juu ya kichwa chake kukamshinda.

Bi Kuni alipanga vikombe tanuruni kwa nafasi, pamoja na vibakuli vichache vya kujazia. Alifungua dirisha la chumbani ili mzee apate harufu ya moshi. Halafu akaanza kama alivyoanza siku zote, na vijiti vyembamba kwenye mdomo wa tanuru, moto mdogo wa kuvipasha tu, kwa kuwa hatua hiyo haina haraka. Jua lilikuwa safi. Alipiga magoti akautazama moto wake ukilamba matofali, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa mvua uanze moyo wake ulikuwa mwepesi.

Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, kama mtu amekanyaga ganda la yai. Bi Kuni akarudisha chini kijiti alichotaka kukitia. Aliujua mlio ule, na ndani, kwenye dirisha alilolifungua kwa mkono wake, alikuwepo mtu mwingine aliyeujua vizuri zaidi. Ukaja wa pili, mkubwa. Alianza kuvuta vijiti vinavyowaka kwa mikono mitupu na kuvitupa kando. Wa tatu. Akamwaga mchanga mdomoni mwa tanuru. Haukusaidia kitu, joto lilikuwa limekwisha kuingia ndani na maji yalikuwa yanatafuta njia. Alikaa chini kwenye majivu akavisikia vikombe vya mumewe vikiondoka kimoja kimoja hadi cha mwisho.

Alasiri, matofali yalipopoa, alifungua. Vibakuli vilivyotengenezwa zamani vilikuwa vizima, vimepata vumbi tu. Vile vikombe sita vilikuwa vigae. Kimoja kilibakiza mdomo wake wa upande mzima, mzuri, laini, lakini hakikuwa na kitako.

Alipoingia chumbani alimkuta Fundi ametokwa na machozi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeachia nondo na ulikuwa usoni, ukisugua shavu la kulia, ukisugua, ukisugua. Bi Kuni akamfuta machozi kwa pindo la khanga. Alikuwa amekwisha kupanga la kusema tangu akiwa uani.

“Ni moto wangu, Fundi. Niliharakisha.”

Fundi alimkodolea macho. Hapana.

“Usinitetee. Nilitia vijiti vya pili mapema.”

Akakodoa tena, na mkono ukarudi kusugua shavu. Bi Kuni aliushika kwa upole akaushusha kifuani, akamwambia asijichubue.

Ajabu ni kwamba aliyaamini maneno yake. Moto mdogo namna ile huwezi kuulaumu, na mtu wa kazi hiyo alipaswa kujua kwamba chombo kinachopasuka mapema hivyo kimepasuliwa na maji. Lakini kulijua hilo kungekuwa kumwambia Fundi kwamba amekosea kupima kwa mara ya kwanza, akiwa kitandani, akiwa hana hata ulimi wa kujitetea. Kwa hiyo Bi Kuni aliuchunguza moto wake mpaka akautafutia kosa. Majirani walipouliza aliwaambia mkono wake umeharibika. Mwenye hoteli alipokuja kuagiza bakuli za supu alimrudisha, akisema tanuru linapumzika. Watu wakaanza kusema Bi Kuni amezeeka, na yeye akawaacha waseme.

Kilichomkata maini ni kingine. Kesho yake binti alipoleta kile kikombe cha bata, Fundi hakugeuza uso. Alifungua mdomo, akakubali kimrija, akanywa. Akanywa kila siku, chote, bila kumtazama mtu. Daktari alifurahi. Bi Kuni alitoka nje akalia nyuma ya rundo la kuni, kwa sababu alimfahamu mtu wake, na mtu aliyekuwa anakunywa pale alikuwa ameacha kubishana.

Jambo moja tu hakuliacha. Mkono wa kushoto uliendelea kurudi kwenye shavu la kulia. Alilisugua, alilipiga piga, alilivuta. Mama na binti walilijadili wakakubaliana kwamba ni ndevu, zimekuwa ndefu na zinamwasha. Asubuhi moja Bi Kuni akachemsha maji, akayatia kwenye bakuli, akaleta sabuni na wembe.

Alianza kwa shavu lililo karibu naye. Alikuwa akimsimulia habari za jirani na kuku wake walioingia kanisani, na labda ndiyo sababu wembe uliteleza. Ulikata vibaya, chini ya mfupa wa shavu, na damu ikashuka hadi shingoni. Bi Kuni alishtuka akaacha wembe uanguke sakafuni.

Fundi alikuwa anatazama mawingu dirishani. Hakuwa ameshtuka. Hakuwa hata amekunja uso. Ni sauti ya wembe iliyomfanya ageuke kuona kimeanguka nini.

Bi Kuni alibonyeza lile jeraha kwa kidole. Fundi alimwangalia, ametulia, akingoja aambiwe kuna nini. Akamfinya shavu. Hakuna kitu. Akachovya kitambaa kwenye mtungi wa maji baridi akakilaza hapo, kama alivyovilaza vikombe.

“Unahisi?”

Macho yakakodoka. Na mkono wa kushoto ukanyanyuka pale pale, ukaja kulipiga piga lile shavu, kwa nguvu sasa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya viziwi.

Hapo ndipo Bi Kuni alipoelewa. Shavu lile lilikuwa limekufa. Lilipowekewa udongo mbichi halikuona ubaridi, na Fundi, aliyeliamini maisha yake yote, alisema kile ambacho shavu lilimwambia. Alikuja kugundua vikombe vilipoanza kupasuka, na tangu hapo alikuwa akimweleza mkewe kila siku kwa mkono mmoja, na mkewe akaenda kuleta wembe.

Fikra ya pili ilichelewa kidogo, na ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Tangu alazwe, kila jioni taa ikishazimwa Bi Kuni alikaa kwenye kiti kile, upande ule, akamwekea kiganja kwenye shavu lile mpaka usingizi umchukue. Alikuwa haongei. Aliona maneno hayahitajiki, mkono unatosha. Mara nyingine alilaza shavu lake juu ya la mumewe akabaki hivyo, akijiambia kwamba angalau hilo anaweza kumpa. Hakumpa kitu. Miezi yote ile alikuwa anapapasa ukuta, na Fundi alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta huo peke yake, akidhani labda mkewe amechoka kumgusa.

Hakumwita binti wala jirani. Alikishika kitanda kwa miguuni akakivuta. Miguu ya kitanda ililia sakafuni, mgongo wake ukalia nayo, akavuta tena kichwani, mpaka ukutani pakapatikana nafasi ya mtu kupita ubavu ubavu. Akajipenyeza hapo, mgongo umegusa nondo za dirisha, akainama, akaweka kiganja chake kigumu cha majivu kwenye shavu la kushoto.

Fundi alishtuka mwili mzima. Pumzi ilimkatika, ikarudi. Kisha aligeuza kichwa na kukilaza chote mkononi mwake, kizito, na nusu ya uso wake ikaanza kulia. Bi Kuni naye alilia bila kujificha. Alimwambia samahani, hakujua, alikuwepo siku zote, kila jioni alikuwepo.

Baadaye Fundi akaushika mkono ule wa mkewe kwa mkono wake mzima. Akauvusha taratibu juu ya uso hadi shavu la kulia, lenye damu na sabuni, akaulaza hapo, akaukandamiza. Akamtazama mkewe moja kwa moja. Hakuna aliyehitaji kutafsiri. Alikuwa anasema kosa ni la hapa.

“Ulikuwa moto wangu,” Bi Kuni alisema.

Macho yakakodoka.

“Niliharakisha, Fundi. Binti aliniambia, nikamfokea.”

Yakakodoka tena, na mkono ukazidi kukandamiza. Katika ndoa yao yote, kila chombo kilipopasuka mume alisema ni moto na mke alisema ni udongo, na wangeweza kula chakula kizima wakitupiana lawama. Maji ya kunyolea yakapoa kwenye bakuli. Binti yao alipofika aliwakuta bado wanabishana, mama kwa mdomo na baba kwa macho, kila mmoja akililia kosa liwe lake, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.